Mchoro dhahania wa Ziwa Tanganyika kwa chumba cha kusubiria: mbona unatoka kama bendera?

Mwanagungu

Wakuu, salaam. Kuna kazi ya picha moja kubwa, sentimita 120 kwa 90, ya kutundikwa kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki ya mama na mtoto hapa Kigoma mjini. Maelekezo ya mwenye kazi ni mafupi: hataki mtumbwi, hataki mtu, hataki mnyama wala mchikichi. Anataka ziwa litambulike bila kuchorwa, mama akikaa pale saa nzima na mtoto mapajani macho yapate pa kupumzika.

Majaribio manne kwenye hadibodi yameharibika kwa namna ileile. Mbingu juu, milima ya Kongo katikati, maji chini. Ukirudi nyuma hatua tano unaona bendera ya nchi usiyoijua. Nikilainisha kwa sponji inakuwa tope. Kwenye jaribio la mwisho ufukwe niliupaka kwa udongo mwekundu wa barabarani uliochanganywa na gundi, kesho yake ukapasuka nyufa na ukiugusa unaacha vumbi kidoleni.

Vifaa: akriliki za tyubu (nyeupe, buluu ya ultramarini, njano ya oka, banti amba yaani kahawia nzito, nyeusi), rangi nyeupe ya maji ya ukutani, na kitambaa cha marekani mita mbili. Buluu ni kidogo na kuna anayeshauri niongezee nili ya kufulia. Naomba msaada wa anayejua, hasa kuhusu bendera na nyufa.

---

Kibirizi_Alfajiri

Mkuu, kuondoa mitumbwi na watu hakujafanya picha iwe dhahania. Bado ni mandhari, imekimbiwa na wenyeji tu. Na bendera inatokea kwa sababu tatu zinazosaidiana: mapande yako yana upana unaokaribiana, kila pande lina rangi moja tupu, na mipaka yote ina ukali sawa. Ziwa lenyewe halina hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kushika brashi amua mwezi na saa. Simama ufukweni Kibirizi mwezi wa Agosti utazame ng'ambo: siku nyingi milima ya Kongo haipo. Upana wa ziwa ni kama kilomita 50, na katikati hapo moshi wa mioto ya nyika na vumbi la kiangazi vimefuta mahali maji yanapoishia. Rudi Februari, mvua ikishaosha hewa, milima inakuwa karibu mpaka unahesabu mabonde. Hizo ni picha mbili zisizoweza kukaa kwenye kitambaa kimoja, na wewe umechora Februari huku unatafuta utulivu wa Agosti.

Kuna ziwa la tatu, la usiku wa giza, pale wavuvi wa dagaa wanapowasha taa: weusi mtupu na safu ya nukta zisizopangika. Linapendeza sana, lakini ni la ukumbi mkubwa. Kwenye chumba cha watu wenye wasiwasi weusi huo utawalemea. La nne ni lile linaloonekana ukiwa juu ya miamba ya Bangwe ukitazama chini: mchanga, kijani, buluu, halafu giza ghafla kwa sababu kina kinaporomoka. Hili halina upeo wa macho kabisa, na pasipo upeo bendera haina pa kusimama. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alilijua jambo hilo. Michoro yake mikubwa ya mayungiyungi iliyoko jumba la makumbusho la Orangerie, Paris, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 1927, ina urefu wa kwenda juu kama mita 2 na haina mstari wa upeo. Jicho linaelea, halina pa kutua na kusema "hapa ndipo mwisho".

Kwa kliniki ningechukua Agosti. Utekelezaji wake ni huu.

Fikiria ngazi kumi kutoka nyeupe (1) hadi nyeusi (10). Karibu picha nzima iishi kati ya ngazi ya 2 na ya 5. Ruhusu sehemu moja tu ifike ya 7, isiyozidi kiganja, na usiiweke katikati. Watu wengi hudhani ukelele wa picha unatokana na rangi, kumbe ni pengo kati ya mwanga na giza. Ipige picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona mistari kwenye hiyo ya kijivu, bendera bado ipo hata kama ana kwa ana rangi zimelainika.

Rangi ya msingi: nyeupe vijiko 10 vya chai, ultramarini vijiko 2, banti amba nusu kijiko. Amba ndiyo inayoua ule ubuluu wa plastiki. Tenga bakuli tatu: ya kwanza iache ilivyo, ya pili ongeza nyeupe vijiko 4 na oka ncha ya kijiko (hii ni ya pale maji na mbingu vinapokutana), ya tatu ongeza ultramarini nusu kijiko. Nyeusi ya tyubu iache dukani. Changanya ya kutosha mara moja, maana kuirudia sawasawa siku ya pili haiwezekani.

Paka bakuli ya pili kama mkanda usio sawa, upande mmoja sentimita 20, mwingine 35, ukianzia theluthi ya juu. Juu na chini yake weka nyingine mbili zingali mbichi. Halafu chukua brashi laini ya inchi 3, kavu, uipitishe kwa kuukatiza mpaka, juu-chini, mkono mwepesi kama unafuta vumbi juu ya redio. Usiufuate mpaka, ukiufuata unaunoa. Futa brashi kwenye kitambaa kila baada ya mipigo mitano hivi.

Akriliki inakauka upesi na Kigoma kwa jua la saa nane una dakika kumi tu. Fanya alfajiri, na uwe na chupa ya kupuliza maji, upulize hewani mbele ya kitambaa, matone yasigonge rangi.

Tope la sponji linatokana na oka na buluu kukutana zikiwa mbichi kisha kusuguliwa mpaka kila moja iue mwenzake. Acha tabaka likauke nusu saa, kisha pitisha la pili jembamba la kupenya mwanga: rangi sehemu 1, midiamu ya akriliki (ile gundi ya akriliki isiyo na rangi) sehemu 6. Matabaka manne au matano ya namna hiyo yanatoa kina ambacho kusugua hakutoi. Usipunguze makali kwa maji peke yake. Maji yakizidi theluthi ya mchanganyiko gundi ya ndani ya rangi inatawanyika na rangi inabaki unga.

---

Fundi_wa_Fremu

Mkuu Kibirizi amemaliza upande wa jicho. Huku chini kwenye kitambaa na udongo ndiko kazi nyingi zinakofia.

Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi. Mfinyanzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukiupaka mnene unafanya kama dimbwi la barabarani mwezi wa Juni. Hizo ndizo nyufa zako. Vumbi la kidoleni ni kosa jingine kabisa: gundi haikutosha kushika kila chembe. Ukiongeza gundi peke yake vumbi litaisha lakini nyufa zitabaki, kwa hiyo tibu yote mawili.

Chimba chini ya sentimita 30, ukwepe mizizi na mboji, maana mboji huota kuvu chini ya rangi na kutoa madoa meusi miezi baadaye. Anika, twanga, loweka kikombe kimoja kwenye maji lita 5. Koroga kwa nguvu, hesabu hadi 60, mchanga utakuwa umezama. Mimina maji mekundu polepole kwenye ndoo ya pili na mashapo uyaache. Ndoo ya pili ilale usiku kucha, asubuhi mwaga maji meupe ya juu, ongeza mapya, rudia mara tatu. Kuosha huko kunaondoa chumvi zinazoleta ungaunga mweupe juu ya picha. Chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, anika tena, halafu usage kwa kitako cha chupa juu ya kigae mpaka usisikie mkwaruzo.

Kuchanganya: unga vijiko 2, mchanga laini wa ziwa uliooshwa na kuchujwa kijiko 1 (huu unakataa kusinyaa, ndiyo kinga ya nyufa), maji hadi iwe kama uji, kisha midiamu ya akriliki kijiko 1 na nusu. Paka nyembamba mara tatu, kila mara ikauke. Usipake kwa kisu mara moja ukitaka mwinuko. Mwinuko ujenge kwa matabaka. Paka kwanza kwenye kipande cha majaribio, subiri saa 24, sugua kwa kitambaa cheupe kikavu. Kitambaa kikibeba rangi, ongeza midiamu nusu kijiko. Uso uking'aa kama vanishi, umezidisha, na udongo utapoteza ule uso wake usiong'aa unaopendeza.

Gundi nyeupe ya mbao inafanya kazi, sikatai, ila inalainika tena ikipata unyevu. Ukutani kwako nyumbani sawa. Kliniki wanafuta kuta kwa tambara bichi, picha itafutwa nayo.

Marekani inakuja na wanga wa kiwandani. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, uipige pasi. Usipoifua, tabaka la kwanza la maji litaivuta mpaka fremu ipinde. Fremu iwe mbao 2 kwa 1 iliyokauka kweli, pembe za digrii 45, na mbao ya kukaza katikati ya ule upande wa 120. Randa ukingo wa ndani uwe mteremko, kitambaa kisilale juu ya mbao. Kikilala, baada ya muda utaona mstari ulionyooka ukizunguka picha nzima na hakuna rangi itakayouficha. Kwenye picha ya ukungu mstari huo ni msiba. Piga stepla ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, huku na huku, kama unavyokaza matairi ya gari.

Rangi ya ukutani kama msingi inakubalika ikiwa nzuri. Za bei ya chini zimejaa chaki, gundi kidogo. Zinanyonya rangi ya juu na sponji inazing'oa, na nadhani tope lako lina mchango wa hiyo pia. Kwanza paka midiamu sehemu 1 kwa maji 2 ili kuziba matundu. Kisha rangi nyeupe sehemu 3 kwa midiamu 1, mara tatu, na msasa namba 240 kati ya mkono na mkono (tabaka na tabaka). Rangi ya mafuta isiguse chini ya akriliki hata kidogo, itabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemka. Edward Tingatinga na waliomfuata walifanya maajabu kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, lakini wao waliendelea na mafuta hadi juu. Na mng'ao ule ni wa picha za furaha, kwenye ukungu unakuletea dirisha zima ndani ya picha.

Nili: ya maji achana nayo, hiyo ni rangi ya kutia nguo na jua linaila. Ya unga inaweza kuwa ultramarini au isiwe, pakiti haisemi. Paka kipande, funika nusu yake kwa kadibodi, weka dirishani wiki nne. Huna wiki nne? Agiza tyubu moja Dar, inakuja na basi.

---

Mwanagungu

Asanteni sana wakuu. Jambo moja kwa Kibirizi: mwenye kazi akiona mchanganyiko wa kijivu-buluu tu, ngazi 2 hadi 5, si atasema picha haijaisha?

---

Tafakuri_Ujiji

Nidakie hapo, maana swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na pia kuna jambo halijasemwa: mchoro dhahania hautulizi kwa sababu tu ni dhahania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Roger Ulrich na wenzake waliwawekea wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa moyo huko Uppsala, Sweden, picha za aina mbalimbali mbele ya vitanda. Waliopewa mandhari ya wazi yenye maji walikuwa na wasiwasi mdogo. Picha dhahania yenye maumbo ya pembe na mistari iliyonyooka ikafanya vibaya kuliko kutokuwa na picha yoyote. Ulrich huyo ndiye aliyeonyesha mwaka 1984, kwa rekodi za hospitali moja ya Pennsylvania, kwamba waliolala dirisha likitazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali chache za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Maana yake kwa kazi yako: usikimbie ziwa kiasi cha kulipoteza. Mama aliyetoka Ilagala na mtoto mwenye homa hana nguvu ya kufumbua fumbo. Akitazama ajue ni maji, hata kama hawezi kukuonyesha maji yako wapi. Pembe kali na mistari ya rula isiwepo kabisa.

Upande wa pili, ukungu mtupu usio na chochote ndani unachosha baada ya dakika mbili, na hapo ndipo mwenye kazi atakaposema haijaisha, naye atakuwa na haki. Weka vitu vidogo vinavyojirudia kwa ukubwa tofauti, kama viwimbi: vikubwa vichache, vya kati vingi kidogo, vidogo vingi zaidi. Maumbo ya asili mengi yako hivyo, mawingu, kingo za ufukwe, matawi. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon amepima msongamano wa maumbo ya namna hii kwa kipimo cha 1 hadi 2, na jicho la watu wengi linapenda yaliyo kati ya 1.3 na 1.5, yaani mawingu mepesi. Kichaka kilichofungamana kinapita hapo. Huhitaji hesabu. Ukimaliza kuweka viwimbi na unajisikia kuongeza theluthi nyingine, simama.

Pa kuvitoa pako hapo hapo Kigoma: dagaa walioanikwa mchangani. Tazama kwa kufinya macho, usione samaki, uone jinsi fedha inavyosongamana huku na kuachana kule. Kwa kona ya kadi ya plastiki, fedha hiyo unaipata kwa nyeupe yenye tone la amba, mguso mmoja mmoja, usizidi mia moja hivi kwenye kitambaa kizima, na zaidi ya nusu ziwe upande mmoja.

Halafu, watu huunganisha sana utulivu na tafakuri kama ni kitu kimoja. Kanisa la Rothko kule Houston, lililofunguliwa 1971, lina michoro 14 ya mchoraji Mark Rothko yenye giza karibu tupu, watu huenda kukaa kimya mbele yake kwa muda mrefu. Ni mahali pa kutafakari, ndiyo. Mtu anaenda kwa hiari yake. Kliniki hakuna aliyekuja kutafakari, amekuja kupima mtoto.

Na akitokea wa kusema mambo haya ya dhahania ni ya Wazungu, mwonyeshe kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa mawingu, ambao nao ni dhahania.

---

Mnyanyembe

Shikamooni wa ziwani, nasogea kutoka Tabora, nchi kavu. Nakubaliana na mengi ila buluu mmeitukuza mno. Miombo ya huku, Septemba na Oktoba kabla hata tone la mvua, huchipua majani mekundu ya shaba, ya waridi, ya kahawia ya asali, halafu yanageuka kijani. Ni joto hilo, lakini si kelele, kwa sababu ngazi zake ziko karibu kama alivyosema Kibirizi. Mwanagungu akiishiwa buluu kabisa anaweza kutuliza chumba kwa udongo wake uliooshwa, oka na nyeupe. Udongo sehemu 1 kwa nyeupe 6 unatoa rangi ya jioni ya vumbi ambayo tyubu haina.

Angalizo kwa atakayechora miombo: mashina. Mstari wa wima ukirudiwa kwa nafasi sawa unakuwa uzio, na ukiwa mweusi unakuwa nondo za dirisha. Tofautisha nafasi, na nusu ya mashina yasifike juu.

Kama mkono unazoea vibaya na kila kiwimbi kinatoka kama kingine, tumia gome. Karatasi nyembamba juu ya gome la mninga, kipande cha mkaa kilale ubavu, sugua taratibu. Mipasuko ya gome inajipanga kwa mpangilio ambao mkono hauwezi kuutunga. Chagua kipande cha sentimita 10 kwa 10 ukikuze mara sita kwenye kitambaa. Ukikikuza zaidi kinapoteza uhai, unabaki na mabaka. Mkaa upulizie midiamu iliyolegezwa kwa maji kabla ya kupaka juu yake, la sivyo utapanda juu na kuichafua ile nyeupe uliyohangaikia.

---

Kibirizi_Alfajiri

Mnyanyembe, buluu umetupokonya, haya. Viwimbi vya Tafakuri ndivyo jibu la "haijaisha", Mwanagungu, ila viweke baada ya tabaka la tatu ili mawili ya mwisho yavifunike kidogo. Vikikaa juu kabisa vinaonekana kama rangi iliyomwagika.

---

Fundi_wa_Fremu

Kutundika, maana hapo pia picha nzuri huuawa. Usiiweke juu ya benchi wanalokalia watu. Wanaokaa hawaioni na vichwa vitaisugua. Ukuta unaowakabili, umbali wa mita 2 hadi 2 na nusu, kitovu cha picha kiwe sentimita 130 kutoka sakafuni kwa sababu watazamaji wamekaa. Zile 150 za kwenye maonyesho ni za wanaosimama.

Angalia dirisha la upande wa ziwa. Jua la saa kumi hadi kumi na mbili jioni linaingia limelala, na likipiga picha moja kwa moja kila siku oka na udongo vitavumilia, kitambaa chenyewe ndicho kitakachochoka. Vanishi iwe ya akriliki isiyong'aa, mikono miwili, baada ya wiki mbili. Taa ndefu za mrija za mwanga mweupe sana zitaifanya buluu iwe ya hospitali kweli kweli. Omba balbu ya kelvini 3000, yenye mwanga wa njano kidogo.

Na nyuma ya fremu gundisha vipande vinne vya plaiwudi vya sentimita 1, kila pembe kimoja, hewa ipite. Masika ukuta wa nje unatoa jasho, kuvu inaanzia nyuma.